Kona ya Jikoni kwa Hannah

Chuma kinapinda halafu kinarudi. Hilo nililijua nikiwa tayari nina mvi, na hata leo nikiwaeleza watu wananitazama kama nimeonja kitu. Sisemi chuma cha waya wala cha panga. Nasema reli. Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo, maana nikianza na reli hamtajua kwa nini mke wangu alinihama.

Mimi ni Mwinga, Mduruma, na nyumba yangu iko chini ya kilima cha Mwarunda, upande wa bara wa Msambweni. Kitabu sikusoma sana. Nilifika darasa la pili, mwalimu akahamishwa, na mimi nikahamia kwa mbuzi. Mke wangu ni Hannah. Yeye ni mtu wa kanisa, mimi ni mtu wa koma za wazee wetu, na tumeishi hivyo miaka mingi bila kugombana, ila kwa mambo ya chumvi na redio.

Sasa, kilima chetu ndani ni mchanga. Mchanga mweupe, mweupe wa kuumiza macho, na si kama ule wa Diani wanaolalia wageni. Huu ni mkali, unameta. Sisi tulikuwa tukisugulia sufuria. Kumbe kwa wenye kujua ule ni kioo, haujapikwa tu. Ikaja kampuni ikaanza kuchimba, malori yakawa yanapanda na kushuka. Halafu ikanyesha ile mvua ya Elinino, mnaikumbuka. Barabara ya kilimani ikaondoka yote, ikabaki mifereji ambayo mtu mzima akiingia huoni hata kofia yake. Lori halikuweza kupanda tena. Ndipo kampuni ikasema italeta reli.

Aliyetumwa kuichagua hiyo reli alikuwa msichana. Jina lake Milcah, mtu wa Vihiga huko, injinia, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza ya kuamua mwenyewe. Alipiga hodi asubuhi, akavua kofia yake ya manjano, akatuamkia shikamoo mimi kwanza kisha Hannah, akakaa kwenye kigoda kama mtoto wa nyumbani. Kisha akatueleza. Huko juu kutakuwa na gurudumu kubwa, limezungushiwa kamba ya chuma. Toroli lililojaa mchanga linashuka upande huu wa kamba, na tupu linapanda upande ule. Lile zito ndilo linalolivuta jepesi.

"Injini iko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna injini, baba. Kuna breki tu, ya kulizuia lisikimbie."

"Kinacholivuta ni nini?"

"Ni kilima chenyewe."

Nikakitazama kilima. Nimezaliwa chini ya kilima kile, nimekipanda na kukishuka kwa kuni na kwa mbuzi, na siku zote nilikiona kama kitu cha kunichosha magoti. Sikuwahi kufikiri kwamba kina nguvu zake kimezikalia, kinangoja mtu aje aziombe.

Hannah yeye hakushangazwa na kilima. Aliuliza reli ikifika chini inaenda wapi. Milcah akanyoosha kidole: ikifika chini toroli linafunguliwa kamba, halafu linakata kona nyuma ya mihogo yetu, linakwenda mpaka barabarani yanakopakia malori.

"Na lisipotaka kukata kona?" Hannah akauliza.

Yule msichana hakumdanganya, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. "Lisipokata litakwenda moja kwa moja, mama."

"Moja kwa moja ni wapi?"

Tukageuka wote watatu. Moja kwa moja ilikuwa ni jikoni kwake Hannah.

"Mimi nyumba hii nimeikandika kwa mikono yangu," Hannah akasema. "Kampuni ilete reli, ilete meli, ilete itakacho. Lakini sitapika huku mgongo wangu umegeukia toroli. Siku nikiona halina adabu, Mwinga, mimi nakwenda kwa dada yangu kule Munje, na wewe utabaki na reli yako."

"Reli yangu tena? Mimi nimeileta?"

"Umeitikia kwa kichwa hapo tangu saa ile."

Mtu atauliza, kwa nini hatukuhama? Kampuni ilisema itatujengea nyumba nyingine ng'ambo ya barabara, ya mabati mapya. Lakini kwenye boma langu, baada ya mihogo, imesimama koma ya baba. Koma ni nguzo fupi ya mti mgumu, inasimamishwa kumkumbuka aliyetangulia, na kwetu haichezewi. Huing'oi ukaibeba begani kama jembe. Mimi kila nikipata tembo la mnazi namwagia kidogo, namwambia habari. Nikienda kulala ng'ambo ya barabara, nani atamwambia baba habari?

Milcah aliiona alipokuwa akipima. Alikuwa na kamba na vijiti vyake, anatafuta namna ya kuifanya kona iwe pana, kwa sababu, alisema, kona ikiwa kali toroli linasukuma reli ya nje kwa nguvu zote, lakini ikiwa pana linazunguka taratibu. Akapiga hesabu yake, akatembea, akaenda kusimama sawasawa mbele ya koma.

"Kona nzuri inapita hapa," akasema. "Hii nguzo ni ya nini?"

"Huyo ni baba yangu."

Akaitazama. Akanitazama mimi. Akavua tena ile kofia yake. "Shikamoo, baba," akaiambia nguzo, kisha akanigeukia. "Anaweza kuhama?"

"Hahami."

Akakaa chini palepale akachora mchangani kwa kidole, akafuta, akachora. Mimi nikadhani atanibembeleza, kama walivyonibembeleza wale wa ofisini. Hakufanya hivyo. Alisema tu, "Basi kona itabaki kali. Kama siwezi kuilegeza kona, itabidi niikaze reli." Akaondoka.

Nilimwambia Hannah maneno hayo. Akasema, "Maneno ni mazuri. Tutaiona hiyo ya kukaza."

Reli zikaletwa za aina mbili. Za kwanza zilikuwa nyembamba, kuukuu, zilizotoka kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda kilichofungwa. Hizo nilizijua. Ujanani nilikata miwa kule, nikaona vigari vya miwa vikipita juu yake. Za pili zilikuwa nene, nyeusi, zina mafuta bado. Nilizitazama kwa muda mrefu. Reli ukiikata ukaitazama mwishoni ina kichwa kinene cha kubebea gurudumu, shingo nyembamba, halafu mguu mpana wa kukalia chini. Ni kama mtu aliyekaa kitako vizuri akabeba mzigo kichwani. Aliyeifikiria hivyo wa kwanza, sijui aliota au vipi.

Wa kuzilaza hizo reli alikuwa Kibwana, msimamizi wa vibarua, Mdigo wa Gazi, mtani wangu tangu siku alipojua mimi ni Mduruma. "Mzee Mwinga," akasema, "hii si fimbo ya ng'ombe, usije ukaichukua ukachungia."

"Na si nyavu," nikamjibu, "usije ukaitupa majini ukangoja samaki."

Milcah akamwambia atoe kipande cha ile nyembamba, akilaze juu ya mawe mawili, katikati kuwe wazi. Kisha akawaambia vibarua wapande, mmoja mmoja, wasimame katikati. Akapanda wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, wa tatu. Walipofika kama nusu ya kikosi wameshikana viunoni kama watoto, nikaona. Chuma kile kilishuka tumbo. Kilipinda mbele ya macho yangu, polepole, kama tawi la mpera. Nikasema basi kimeharibika. Milcah akawaambia washuke, na kila aliyeshuka, chuma kikainuka kidogo, mpaka wa mwisho aliposhuka kikawa kimenyooka kama mwanzo.

Nikaenda nikakishika. Kilikuwa cha moto wa jua, basi, hakina hata alama. Kitu kigumu vile kinajua kuinama na kinajua kuinuka. Mimi nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani ugumu ni kutopinda.

Wakaweka kipande cha ile nene, wakapanda kikosi chote na Kibwana juu, na mimi nikapanda, hakikushuka tumbo hata kidogo.

"Hizi nyembamba zitakwenda juu, kwenye machimbo, ambako toroli linasukumwa kwa mkono," Milcah akasema. "Mteremkoni na kwenye kona tunaweka nene. Toroli likijaa ni zito kuliko sisi wote hapa."

"Kuliko sisi wote na tumbo la Mzee Mwinga?" Kibwana akauliza.

"Hilo sijalipima," akasema yule binti, na vibarua wakacheka siku nzima.

Basi reli ikawa imechaguliwa. Lakini reli hailali chini yenyewe. Inalala juu ya mataruma, zile nguzo za kulazwa kukingama, na lazima ishikwe hapo isitembee. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu sisi watu wa pwani, mtu wa bara asingelifanya.

Mataruma ya mbao yaliyotoka mashamba ya miwa yalikuwa yameliwa na mchwa. Kibwana akasema asihangaike mtu. Akaenda na kibali akaleta lori zima la magogo ya mkoko, yamechongwa bapa upande mmoja. "Nyumba ya babu yangu Gazi," akasema, "imesimama kwa boriti za mkoko. Babu kafa, baba kafa, boriti ziko. Mchwa akiuma mkoko anavunjika meno."

Hapo hakuna aliyembishia. Mimi mwenyewe paa langu ni mkoko. Kila mtu wa huku akitaka kitu kisioze anasema mkoko. Milcah aliuinua mmoja, akaugonga, akausikia ulivyo mzito, akatutazama tulivyokuwa tunaitikia kwa vichwa kwa pamoja kama kwaya. Akasema, "Haya. Tujaribu kwenye kona kabla ya kwingine. Hapo ndipo penye kazi." Wakaipigilia reli nene kwa misumari mikubwa ya reli, ile yenye kichwa cha pembeni kinachouma mguu wa reli. Mkoko ule ni mgumu, misumari ilikuwa inalia. Kibwana akajisifu mpaka jioni.

Ilikuwa kaskazi, jua la kukausha kisima. Magogo yale yalikuwa yametoka kwenye tope la chumvi juzi tu, sasa yamelazwa juani, juu ya mchanga unaowaka. Usiku tukilala tulisikia mlio, ta, ta, kama mtu anavunja vijiti. Sikuuelewa.

Siku ya kujaribu wakaleta toroli moja nusu mzigo, wakalisukuma kwa mkono kutoka chini ya mteremko, si kwa kamba, ili waone kona tu. Hannah alikuwa mlangoni kwa jiko, mwiko mkononi. Toroli likaingia kwenye kona. Sikuona haraka yoyote. Liliingia kama ng'ombe anayeingia zizini. Halafu ile reli ya nje ikasogea. Misumari ikapanda juu, mmoja, na wa pili wake, kama meno ya mzee, na toroli likaegemea, likamwaga mchanga wake wote mweupe juu ya mihogo, mpaka karibu na pale Hannah alipokuwa amesimama. Hakuna aliyeumia. Ni mchanga tu uliokuwa unateremka taratibu kuelekea miguuni kwake.

Hannah aliingia ndani. Alipakua chakula, akaniwekea changu, akafunga kanga, akaenda Munje kwa dada yake.

Kibwana alipiga magoti akayatazama mataruma yake. Yalikuwa yamepasuka kwa urefu, kila moja, nyufa za kuingiza kidole, na misumari imekaa ndani ya nyufa kama mwiko ndani ya sufuria. "Nyumbani mkoko unabeba," akasema mwishowe. "Uko kivulini, unabeba tu. Hakuna anayeupigilia wala anayeung'oa. Wallahi sikuliwaza hili."

"Hata mimi nilikubali," Milcah akasema. "Hili ni letu sote."

Bwana mkubwa wa kampuni akaja na gari lake. Nilikuwepo. Akasema ijengwe tu ukuta wa mawe mbele ya jiko, misumari iongezwe, kazi iendelee, wateja wanangoja mchanga. Milcah akakataa. Akasema, "Ukuta utalizuia toroli likishatoka relini. Mimi nataka lisitoke. Nikiona limetoka tena, nitaandika mwenyewe kwamba nimeshindwa, na nitaondoka." Akaomba mataruma ya chuma na vibano vyake kutoka Nairobi, ya kona ile peke yake. Yule bwana akamtazama, akatazama mihogo yangu iliyofukiwa, akasema, "Ya kona tu. Na yakishindwa, huyu mzee atahamishwa kwa amri."

Basi mnaona. Yule msichana kazi yake, mimi mke wangu na baba yangu, vyote vimewekwa kwenye kona moja ambayo mtu akitembea anaimaliza kabla hajamaliza kupiga miayo.

Nilikwenda Munje kumbembeleza Hannah. Akanikaribisha vizuri, akanipa samaki, akasema, "Nitarudi nikiliona linapita limejaa. Si nusu. Limejaa." Nikarudi peke yangu. Nikapika uji ukaungua. Nikamwagia baba tembo nikamwambia habari zote, na habari ya uji.

Mataruma ya chuma yakafika. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni bati nene lililokunjwa kama sinia lililopinduliwa, na juu yake yana masikio. Vibano vyenyewe vidogo, kimoja kinaingia kiganjani. Unakiweka, jino lake linakalia mguu wa reli, unatia bolti, unakaza nati. Hakuna kupigilia. Nikakipima mkononi, nikasema moyoni, hiki ndicho kitakachomrudisha mke wangu? Kipande hiki?

Milcah alikuwa akipita kila kimoja mwenyewe na spana, analala kifudifudi mchangani, anatazama reli kwa jicho moja. Kibwana akawa anamfuata, na kila anapokaza yeye, Kibwana anavuta kuona kama kinakubali kutoka. Alikuwa amebadilika, utani wote umemwisha. Nikamtania nione: "Kibwana, mbona husifu? Huu si mkoko wa bara?"

"Nitasifu toroli likipita," akasema. "Nimefunga domo kwa sasa."

Nikaweka kiganja changu juu ya reli ilipokazwa. Nikamwambia kibarua mmoja apige nyundo kule mwisho wa kona, kidogo tu. Nilikisikia kipigo kile mkononi mwangu kabla sauti haijafika masikioni. Kilipita ndani ya chuma, mbio, kama mtu anayeniita kwa jina kutoka mbali. Nikaondoa mkono, nikaurudisha. Nilikuwa na aibu kuwaambia wapige tena, lakini wakapiga.

Siku ya toroli lililojaa watu walitoka Munje na kwingine. Hannah alikuja na dada yake. Hakuja nyumbani, alisimama ng'ambo, upande ule wa barabara, mikono kifuani. Milcah hakwenda juu kwenye gurudumu. Alikuja kusimama upande wa nje wa kona, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta wa jiko la Hannah. Yule bwana mkubwa akamwita atoke hapo. Hakutoka. Mimi nikaenda nikasimama karibu naye. Sijui nilikuwa nasaidia nini.

"Baba, rudi nyuma," akasema.

"Kwangu ni hapa hapa. Nyuma ni ukutani."

Juu wakapeperusha kitambaa. Likaanza. Mara ya kwanza usingejua linakuja, ni doa jeupe tu linakua, na jingine tupu linapanda pembeni yake, linapanda mlima peke yake, halina mtu, halina moshi, halina ng'ombe. Yakapishana katikati ya kilima. Nimeona ndege ya Ukunda ikiruka, nimeona feri ya Likoni ikijaa malori, lakini kitu hiki kilinikausha mate, kwa sababu hakikuwa na kelele. Kilima kilikuwa kinafanya kazi kimya, kama kinavyofanya yote.

Kisha reli ikaanza kuimba, miguuni petu, sauti nyembamba. Wakalifungua kamba chini ya mteremko na mshika breki akaning'inia nyuma, na likaingia kwenye kona, jeupe, limejaa mpaka juu, ardhi inatetemeka hadi ndani ya soli za viatu. Sikumtazama mtu wala toroli. Nilitazama vile vibano. Gurudumu lilipofika juu ya cha kwanza niliona reli inashuka kidogo, unywele tu, na kuinuka. Cha pili, ikashuka, ikainuka. Vyote vikafanya hivyo mpaka mwisho, kama watu wanaopokea salamu. Upepo wa toroli ukatupiga usoni, na likawa limeshapita, linakwenda zake barabarani.

Milcah akateleza akakaa chini, mgongo ukutani. Kibwana alikuwa kwenye kona kabla vumbi halijatua, anajaribu kila kibano kwa mkono. "Hakijasogea," akasema. "Wala hiki. Wala hiki. Mzee Mwinga, njoo uone, hata unywele."

Watu wakaanza kupiga vigelegele. Hannah akavuka barabara, akapita katikati yao, akaja mpaka kwenye reli. Akainama akaitazama, akagusa nati kwa kidole.

"Moja ni bahati," akamwambia Milcah. "Lete jingine."

Milcah akacheka, machozi yanamtoka, akapunga mkono juu. Likaja la pili, limejaa kama lile. Hannah alisimama palepale karibu nasi, na lilipokuwa linapita alinishika mkono wa shati bila kujua, na reli ikashuka, ikainuka, ikatulia.

Akaniachia shati. Aliingia jikoni, nikamsikia anakohoa, anapuliza moto. La tatu lilipokuwa linaingia kwenye kona, moshi ulikuwa tayari unatoka jikoni, na yeye ameupa mgongo mlango na toroli, anachagua mchele.